Mwacheni Aliyeachwa Aimbe

Nina tabia moja mbaya kwenye kumbi za harusi: nasikiliza maneno ya nyimbo. Wenzangu wanaangalia gauni, wanakadiria bei ya mapambo, wananusa pilau linakotokea. Mimi nimetega sikio kwa DJ. Na kila msimu wa harusi hapa Dar es Salaam nakutana na kituko kilekile. Bwana na bibi harusi wanaingia, wapambe mbele, wapambe nyuma, MC anaomba vigelegele, na spika zinamwaga wimbo wa Kiingereza wa watu walioachana.

Bingwa wa kituko hiki ni "I Will Always Love You", ule ambao Whitney Houston aliupeleka dunia nzima mwaka 1992. Ni wimbo wa kuaga. Mtunzi wake, Dolly Parton, aliuandika mwaka 1973 alipotaka kujitenga na Porter Wagoner, bosi wake wa kipindi cha televisheni. Yaani mwenzetu aliutunga akiwa anaacha kazi. Sisi tunaupiga watu wakikata keki, na mama mzaa chema anafuta machozi ya furaha.

Mwishoni mwa mwaka jana, kwenye harusi ya mpwa wangu, DJ alivuka hata mpaka huo. Wakati wa kulishana keki akaweka "Someone Like You" wa Adele. Piano peke yake, kisha sauti. Ukumbi ukasema "oooh" kwa pamoja, simu zikanyanyuliwa juu. Sasa wimbo ule unasimulia nini? Mwanamke amesikia kwamba mwanamume waliyeachana ametulia, ameoa. Anafunga safari, anatokea mbele yake bila kualikwa, kwa sababu ameshindwa kukaa mbali. Hiyo ndiyo habari tuliyokuwa tunaikatia keki.

Na huyo mwanamke alikuwemo ukumbini. Simzungumzii Adele. Nazungumzia binti aliyekaa meza ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, ambaye kwa miaka minne alikuwa akija nyumbani kwa dada yangu kila Jumapili, akiniita anko, akijua hata kopo la sukari linakaa rafu gani. Waliachana na mpwa wangu, sababu wanazijua wenyewe. Dada aliona aibu kutompa kadi ya mchango, naye akachanga shilingi 100,000, tena akamaliza mapema kuliko baadhi ya wajomba, mimi nikiwemo. Kwa mchango huo kamati ikampa kadi ya dabo. Alikuja peke yake. Kile kiti cha pili alikiwekea mkoba.

Nilimtazama wimbo ulipoanza. Hakulia. Alikuwa anakizungusha kizibo cha soda juu ya kitambaa cha meza, na midomo inafuata maneno yote, neno kwa neno, bila sauti. Kabla ya kiitikio cha pili, kijana mmoja wa kamati anayekielewa Kiingereza vizuri alitimua mbio hadi kwa DJ, akamnong'oneza. Wimbo ukakatwa. Ikaingia bongo fleva ya kuchezesha mabega, na ukumbi ukapumua.

Msimamo wangu, nautoa mapema ili asiyeutaka ahamie ukurasa wa michezo: katika usiku ule mzima, wimbo ule uliokatwa ndio uliokuwa mkweli kuliko hotuba zote. Kumwonea wivu mtu mlioachana, pale anapopata mwingine, ni jambo la kawaida kama njaa. Kinachotuharibia nyumba ni kulikana. Na wimbo mmoja unaolikiri una faida kuliko mia moja zinazojitapa, ilhali sisi tumekuwa mabingwa wa hizo mia moja.

Mwanamke mmoja, nyimbo mbili

Adele Adkins alizaliwa Tottenham, London, mwaka 1988. Albamu yake ya pili, iliyotoka mwaka 2011, aliipa jina la umri aliokuwa nao akiiandaa: 21. Imeuza zaidi ya nakala milioni 30 duniani, na karibu yote inamhusu mwanamume mmoja aliyeachana naye.

Kinachonivutia ni mpangilio. Wimbo uliotangulia sokoni, Novemba 2010, ni "Rolling in the Deep". Huo una ngoma, una makofi, una mguu unaokanyaga sakafu. Aliyeachwa anatisha. Anamwambia mwenzake atajuta, asimlazimishe kuyaanika. Kwa lugha ya uswahilini, huo ni mpasho. Halafu, ndani ya albamu hiyohiyo, kwa mwanamume yuleyule, ukaja "Someone Like You", aliouandika pamoja na Mmarekani Dan Wilson. Ngoma hakuna. Vitisho hakuna. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa amechoka kuwa mtu wa hasira tu.

Februari 2011, kwenye tuzo za Brit huko London, alisimama jukwaani na mpiga piano mmoja. Hakuna mchezaji, hakuna moshi. Mwishoni sauti ilimkwama, akageuka kuficha machozi. Siku chache baadaye wimbo uliruka hadi namba moja Uingereza, na Septemba mwaka huohuo ukawa namba moja Marekani. Kwa nini? Nyimbo za kuachwa zilikuwa zimejaa tele. Nadhani watu walisikia jambo wasilolizoea: mtu anasimama mbele ya kadamnasi na kusema, mwenzangu ameoa, na bado naumia.

Hebu liangalie jina la wimbo kwa karibu. Anataka mtu kama yeye. Hasemi aliye bora, hasemi mwenye gari zaidi, hasemi mwenye kumthamini. Kama yeye. Hapo ndipo kukiri kwenyewe kulipo, maana ukitafuta mfano wa kile ulichopoteza, umekubali kwamba kilikuwa kizuri. Na baada ya hapo anamtakia heri. Je, mtu anayetoa heri huku sauti inamkatika tumwamini? Mimi namwamini kwa yote mawili. Heri anamtakia. Wivu anao. Mioyo yetu ina vyumba vya kutosha kwa wapangaji wa aina hiyo kuishi pamoja, ingawa hawasalimiani.

Kwetu, aliyeachwa ndiye aliyeacha

Sasa njoo kwetu. Umewahi kukutana na mtu aliyeachwa? Mimi sijawahi. Kila ninayemuuliza alimwacha mwenzake. Ukienda kwa huyo mwenzake, naye ndiye aliyeacha. Inakuwa kama ajali ya magari mawili yaliyogongana yote yakiwa yameegeshwa.

Kujitapa huku tumekusomea. Sanaa yetu ya mwambao imejengwa juu yake, na mimi ni mpenzi wake wa damu. Wanaokumbuka miaka ya 1990 wanaujua upinzani wa vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, na ukumbi umegawanyika kama uwanja wa Simba na Yanga. Uzuri wa taarabu ni kwamba mwimbaji anaimba, lakini anayesema ni mama aliyeinuka kutuza. Anatoka kitini noti mkononi, anakwenda kwa maringo, anapita makusudi mbele ya meza ya hasimu wake, anainua noti juu unapofika ubeti unaomhusu, kisha ndipo anampa mwimbaji. Hakutaja jina. Hakutukana. Lakini ukumbi mzima umejua nani kamchukua mume wa nani. Na kwa asiyekwenda taarabu, kuna kanga: unavaa jina, unapita uani kwa jirani kuomba chumvi, ujumbe umefika.

Ni sanaa ya hali ya juu. Ila ina kasoro moja: haijui kusema "naumia". Mpasho unasema nimekutupa, umeokota jaa langu, mwenye wivu ajinyonge. Hata methali zetu zinamkejeli aliyepata kuliko kumliwaza aliyepoteza. Tunasema kipya kinyemi ingawa kidonda, yaani subiri, huyo mpya naye atanuka. Tunasema mkataa pema pabaya panamwita. Zote zinamngoja mwenzetu aharibikiwe ndipo sisi tupone. Na asipoharibikiwa? Akipata mke mzuri, watoto, kiwanja Kibaha, tutapona lini?

Zipo nyimbo zetu zilizothubutu kukiri. Diamond Platnumz, kijana wa Tandale, hakutambulika kwa majigambo wala magari. Wimbo uliomtoa ni "Kamwambie", na jina lenyewe linatosha: aliyeachwa anatuma mtu apeleke salamu, kwa sababu mwenyewe hana tena njia. Vijana waliuimba kwenye daladala bila aibu, na nakumbuka makondakta waliokuwa wakiupandisha sauti kwenye foleni ya Magomeni kana kwamba wao ndio waliotumwa. Baadaye tukaingia zama za kiki, ambapo kuachana kunatangazwa kama albamu, na wimbo wa wivu unatoka wiki hiyohiyo ya ugomvi ili mashabiki wachague upande. Hapo wivu umekuwa bidhaa. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Nasema tu kwamba ukiinunua bidhaa hiyo, usidhani umepata dawa.

Wenzetu wa Marekani nao wameionja. Januari 2021 Olivia Rodrigo, akiwa na miaka 17, alitoa "drivers license", wimbo wa msichana anayezunguka na gari mitaani akimuwaza kijana aliyekwisha kupata mwingine. Ulikaa namba moja wiki nane. Lakini wasikilizaji hawakuridhika na uchungu, wakataka jina. Wakamwangukia mwimbaji mwenzake, Sabrina Carpenter, kwa matusi, naye mwaka 2022 akatoa wimbo wake kueleza aliyoyapitia kwa sababu tu ya kumpenda mvulana. Mwenye wivu aliimba akanyamaza. Wasio na wivu ndio walioshika mawe.

Gere, kijicho, donge

Nilijaribu kutafuta neno sahihi la hali ya yule binti wa meza ya nyuma. Kijicho ni kukitamani kilicho cha mwenzio. Husuda inakwenda mbali zaidi: bora akikose, hata kama wewe hutakipata. Gere ni ya watoto, mmoja ana lawalawa, mwingine analamba midomo. Wivu, kwa maana ya wapendanao, ni kukilinda kilicho chako. Lakini aliyeachana na mtu analinda nini? Hana tena cheo chochote. Si mke, si mchumba, na kwa waliooana kuna angalau neno mtalaka. Kwa wapenzi tu hata jina hawana. Vijana wamebuni la utani, "zilipendwa", neno lilelile tunaloitia nyimbo za zamani za dansi. Yule ni zilipendwa wake, wanasema, na kucheka. Wanasahau kwamba zilipendwa ndizo nyimbo zinazopigwa hadi leo.

Neno ninaloliona linakaribia ni donge. Tunasema fulani ana donge, limemkaa. Nalipenda kwa sababu linataja mahali: kooni. Donge si dhambi. Limekaa pale pa kupitishia chakula na sauti. Ukinywa maji litashuka, ukikohoa litatoka, na ukikaa kimya ukijifanya hulioni, ndipo linapoziba. Kuimba ni namna mojawapo ya kukohoa.

Zamani watu walipata angalau nafasi ya kukohoa faraghani. Mwenye kutalikiwa, kwa Waislamu, anakaa eda, miezi mitatu hivi. Sheria ina sababu zake, kubwa ikiwa kujua kama kuna mimba, lakini ndani yake kuna huruma nyingine: kwa muda huo hakuna anayekuletea habari za posa. Muungwana aliyeachwa alihamia kwa wazazi, barua zikachomwa, mji ukawa mbali. Siku hizi huhitaji hata kutoka kitandani. Saa nne usiku umeshika simu, na stetasi ya rafiki yenu wa pamoja inakuonyesha sahani mbili za chipsi kuku, mkono wa kiume wenye saa unayoijua, kwa sababu ulimnunulia wewe. Umembloki? Utamwona kwa simu ya mdogo wako. Simu haijui eda.

"Siwezi kumlisha mwanaume mwenzangu"

Kama mambo yangeishia kwenye stetasi, nisingeandika makala. Lakini wivu uliokanwa haupotei. Unahama nyumba.

Karibu na ninapotengenezea gari langu, kijana mmoja fundi ana mtoto wa darasa la tatu aliyemzaa na mwanamke waliyetengana. Kwa mwaka mzima alikuwa akituma matumizi kila Ijumaa, na akijisifu kwa hilo, kwa haki kabisa. Kisha mama wa mtoto akapata mwenza. Ijumaa zikaanza kuruka. Siku moja, nikiwa nimekaa kwenye tairi nikisubiri breki zangu, mtoto akaja na sare yake, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, ila vitu vidogo vidogo haviishi: kaunta buku mbili, rimu ya karatasi, fagio, viatu vyeusi. Baba aliisoma akiwa amelala chini ya gari, mkono mmoja umetoka nje na karatasi. Hakuuliza bei ya viatu. Aliuliza, "Yule anko bado anakuja pale?"

Mtoto hakujibu. Alichuchumaa, akaanza kuzipanga nati kwenye kifuniko cha rangi, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo.

"Nenda, mwambie mama yako nitampigia," fundi akasema. Kisha mtoto alipoondoka akanigeukia, kana kwamba nimemuuliza: "Mzee, siwezi kumlisha mwanaume mwenzangu."

Sentensi hiyo nimeisikia kwenye magereji, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye ofisi zenye viyoyozi. Maofisa wa ustawi wa jamii wakisikia mwanzo wake wanaweza kuimalizia. Ukiipima haina hesabu. Viatu vya mtoto wa darasa la tatu havimwingii mwanaume yeyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake. Haki ni yake, mama ni mpokeaji tu. Lakini fundi hakuwa anapiga hesabu. Alikuwa anasema "naumia", na kwa kuwa hakufundishwa neno hilo, likatoka kwa umbo la viatu visivyonunuliwa.

Kinamama nao wana namna yao. Mtoto aliyekuwa akienda kwa baba kila likizo anaanza kuugua ghafla kila likizo ikikaribia, tangu siku baba alipooa. Mama wa kambo hajafanya kosa lolote bado, ila mtoto ameshafundishwa asile chakula chake. Bibi mzaa baba anakaa miezi bila kumwona mjukuu. Muulize mama kulikoni, atakwambia ni malaria.

Na kuna mwisho mbaya kuliko huo, ambao sisi wa magazeti tuna lawama. Mwanamke anajeruhiwa au kuuawa na mtu waliyeachana, nasi tunaandika kwamba chanzo ni wivu wa mapenzi, tukamaliza. Maneno hayo matatu yanakaa pale kama cheti cha daktari. Yanampa muuaji ugonjwa, na marehemu yanamwacha na swali la alikuwa na nani. Wenye wivu ni wengi mno katika nchi hii, wamejaa kwenye mwendokasi asubuhi, na hawajamgusa mtu. Aliyeshika panga alidhani mwanamke ni mali yake, na hilo ni jambo jingine, lipewe jina lake. Sitetei wivu wa namna hiyo, wala sidhani piano ya Adele ingemtibu. Nawazungumzia hawa wengine, mamilioni, wanaoweza kuumia bila kuumiza wakipata pa kusemea.

Viraka vitatu

Mimi mwenyewe? Haya, niseme.

Mwaka 1996, Tanga, nilikuwa na msichana niliyedhani tutaoana. Nilikaa kwa bibi yangu Ngamiani. Bibi, kama bibi wote wa pwani, aliniita mume wangu, na yule msichana alimwita mke mwenzangu. Akija jioni Bibi ananuna kwa maigizo, anavuta mkeka upande wake. "Leo si zamu yako, mwanamke wewe. Nani kakupikia?" Kisha anampakulia bada la kwanza, na kipande cha samaki chenye nyama kuliko changu. Nilikuwa nauona utani tu. Sasa naona kwamba ndiyo ilikuwa shule. Wivu ulikuwa umekaribishwa sebuleni, umevalishwa kilemba, unachekwa kila jioni ili usije ukajificha.

Msichana akaniacha. Akaolewa na mwenye duka la baiskeli, barabara ya kumi na mbili. Mtaani nikasema mimi ndiye niliyemwacha. Nilikuwa na sababu tatu na nilizitaja kwa mpangilio. Nikacheka, nikala, nikacheza bao barazani. Jumamosi moja Bibi alikuwa anafua, akatia mkono kwenye mfuko wa shati langu akatoa pakiti ya viraka vya baiskeli. Akaingia ndani, akarudi na nyingine mbili alizozikuta juu ya kabati. Akaziweka zote tatu juu ya mkeka, akakaa.

"Mume wangu," akasema, "baiskeli iko wapi?"

Sikuwa na baiskeli. Sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa nakwenda dukani kununua viraka na solusheni ili nione kama yupo ndani, kama amenenepa, kama anacheka.

"Sina, Bibi."

Hakunipa methali. Hakusema wanawake wapo wengi kama dagaa. Aliokota ukili wake akaanza kusuka, na baada ya muda mrefu akasema, "Basi tumeachwa wote wawili." Nikalia pale, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, shati la pili likielea kwenye beseni. Kuanzia Jumatatu nikapita barabara ya kumi na mbili kwenda kazini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Ndiyo maana usiku ule wa harusi, DJ alipouzima ule wimbo, nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa akinipa dole gumba kwa mbali. Alidhani ameokoa sherehe. Pengine ameokoa, bibi harusi hakuwa na kosa lolote, na siku ilikuwa yake. Bado nilimwangalia yule binti akibaki na midomo wazi kwenye neno ambalo halikufika.

Alikaa hadi mwisho. Alisimama kwenye mstari wa zawadi akacheza na wenzake hadi mbele, akawapa mkono wote wawili, akamwinamia dada yangu. Saa sita kasoro, mapambo yameanza kushushwa na basi la upande wa bibi harusi linapiga honi nje, nilimwona anakwenda kwa DJ, viatu mkononi, mkoba begani. Nilikuwa karibu, nikikusanya kreti za soda.

"Mdogo wangu," akamwambia, "ule wimbo hukuumalizia."

DJ alikuwa ameshakunja nyaya. Spika zimelazwa. Akaniangalia mimi, mjomba wa bwana harusi, kama anaomba ruhusa. Nikainama kwenye kreti zangu. Akatoa simu mfukoni, akautafuta, akaupeleka mbele hadi pale ulipokatwa, akaishikilia hewani kati yao wawili.